Jahezi ya Nuzhat

Sehemu ya Tisa

Kitanda kilikuwa chake. Nyinyi mlioshinda wiki nzima mkibisha kwamba mkokoteni ulikosea mlango, poleni sana. Nuzhat alikitambua kwa ule mguu mmoja uliotiwa kiraka cha shaba, na nyuma ya kitanda akayaona masufuria yake, mafarishi yake mekundu, na kijaluba cha tambuu alichoachiwa na marehemu mama yake. Vyombo vyake vyote vya arusi vimefungwa kamba juu ya mkokoteni, mbele ya mlango wa baba yake, mtaa wa Chowk, mjini Lucknow, mchana kweupe, na majirani wamejaa madirishani.

Nyuma ya mkokoteni alisimama mumewe, Mazhar.

Nuzhat alikuwa uani juani, bakuli la njegere mapajani. Alikuja kwa baba yake kumuuguza, akaaga kwake vizuri, akaacha mchuzi jikoni. Sasa nyumba yenyewe imemfuata. Mwenye mkokoteni aliuliza ashushe wapi, Mazhar akampita. Alivua viatu, akaingia, akasalimia kwa adabu zote, maana mtu wa Lucknow hata akija kukuchinja atakuuliza kwanza umeamkaje.

"Nuzhat," akasema, "nimekuacha. Talaka moja."

Njegere zikamwagika uani. Kuku wa jirani walizifaidi.

Usimtukane Mazhar bado. Wewe unayeisoma hadithi hii leo kwa mara ya kwanza huna habari, na wewe uliyeanza nayo umesahau, kwa hiyo tukumbushane upesi upesi.

Nyumba ya Ustadh Shabban Khan, baba yake Nuzhat, ni nyumba ya wapiga tabla, zile ngoma mbili zinazopigwa kwa vidole, baba, babu, na babu wa babu. Binti wa nyumba hii haozwi kwa masufuria matupu. Jahezi yake, yaani vile vitu anavyotoka navyo bibi harusi kwao, lazima iwe na mapigo: mapigo ya tabla waliyoyatunga mababu, yasiyosikika nje ya ukoo, ambayo bwana harusi hufundishwa kidole kwa kidole mpaka ayashike. Na yakishatolewa yametolewa. Baba mtu hayapigi tena, hawafundishi wanawe, hayatii hata mdomoni. Ni mali ya mkwe.

Ustadh Shabban alimpenda binti yake, akatoa yaliyo bora kuliko yote. Mazhar aliyapokea akayapiga miaka na miaka, na Nuzhat akazoea kuamshwa nayo alfajiri, yeye anawasha jiko, mumewe yuko chumba cha pili anapiga. Halafu siku moja Mazhar anarudi kutoka Kanpur alikokwenda kumpigia mwimbaji, dirisha la chuma la behewa likamwangukia mkono wa kulia. Vidole vilipona, lakini vilipona vimepinda.

Mdomoni anayo mapigo yote, maana kila mlio wa tabla una neno lake la kutamkwa. Lakini tabla haipigwi kwa mdomo. Neno lile lile la tabla unaweza kulipiga kwa kidole hiki au kile, ukingoni au katikati, na siri yote iko hapo. Mtoto hawakujaaliwa. Mwanafunzi aliyeiva hakupatikana. Aliyebaki duniani anayevijua vidole ni mzee peke yake, na kichwa cha mzee kinaondoka. Siku nyingine humwita Nuzhat kwa jina la mama yake. Daktari amesema wasitarajie nafuu.

Ndipo Mazhar akaja kuyarudisha mapigo, mzee ayapige tena kabla hajayasahau, akakataliwa. Akaja tena, akakataliwa tena. Ustadh Shabban alikuwa amesahau majina ya majirani, anasahau hata kama amekula, lakini sheria za nyumba yake hakusahau hata moja. Kilichotoka na binti hurudi na binti, alisema, na kumrudishia mtu jahezi huku binti yake umemweka ndani ni kumtukana mbele za watu.

Sasa umeelewa mkokoteni umekuja kufanya nini.

Nuzhat alimvuta Mazhar kando, penye ngazi, kwa hasira. Mazhar akamweleza kwa kunong'ona. Talaka moja ni talaka rejea. Nuzhat anarudi kwao na vyombo vyake vyote, asipungukiwe hata kijiko, kwa hiyo mapigo nayo yamerudi. Mzee anapiga. Bwana Mathur jirani anayanasa kwenye mashine yake ya kurekodi sauti. Kabla eda haijaisha Mazhar anamrejea mkewe, mkokoteni unageuza, na hakuna aliyeumia.

Tangu mkono uvunjike Nuzhat hakuwahi kuyaona macho yale yamechangamka namna hiyo. Mwanamume huyu alikuwa amekonda, amenyamaza, redio ikipigwa anatoka nje. Leo anapanga hila kama zamani. Nuzhat akakubali shingo upande. Alimwambia angemdokeza mapema, asingepoteza njegere zake, na wote wawili wakacheka chini chini pale kwenye ngazi.

Kucheka kwa siku hiyo kuliishia hapo.

Bwana Mathur alikuwa keshafika na mashine yake, ameileta kwa riksho imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Huyu ni karani wa reli mstaafu, jirani wa siku nyingi, mtu anayekula muziki kuliko mkate. Nyimbo za sinema hazitaki hata kuzisikia. Nyumba yake imejaa mikanda ya sauti mpaka mkewe analalamika hana pa kuweka unga. Alipenda tabla ikiwa peke yake, bila mwimbaji wa kuifunika, na akisikiliza hufumba macho, na ukimsemesha hujibiwi.

Aliitega mashine juu ya kigoda, akangoja ipate moto mpaka kijitaa chake cha kijani kikawaka. Akaenda mwenyewe kumbembeleza jirani azime redio iliyokuwa inapiga nyimbo za sinema tangu asubuhi. Jirani alizima, ila binti yake aligonga dirisha kwa nguvu ili ijulikane amekasirika.

Ustadh Shabban akatolewa nje, ameogeshwa, amevikwa koti safi. Aliketishwa juu ya zulia na tabla zake zikafunuliwa. Akachukua nyundo yake ndogo akaanza kuzitia sauti, anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Sikio lilikuwa lile lile. Nuzhat alipoona vile moyo wake ulipata nguvu, akajiambia labda Mungu ametuona.

Mazhar alipiga magoti mbele ya zulia. Akasema amemwacha Nuzhat, binti huyo hapo, vyombo hivyo hapo nje, na amana ya Ustadh imerudi kwa mwenyewe.

Mzee hakuinua macho. "Ngapi?"

"Moja, Ustadh."

Nyundo ikawekwa chini.

"Talaka moja ni mlango ulioegeshwa, haukufungwa," mzee akasema, taratibu, kama anayemfundisha mwanafunzi. "Ndani ya eda bado ni mkeo. Ukifa leo anakurithi. Na kama ni mkeo, alivyotoka navyo kwangu bado ni vyako. Unataka niibe mali ya mkwe wangu mbele ya mashine?"

Bwana Mathur, kikombe cha chai mkononi, alijaribu kutia neno. Kuna ubaya gani, Ustadh, hapa tuko wenyewe, nani atajua. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mkono wake utajua.

Hapo ndipo Mathur alipoelewa mashine yake imeletwa kwenye shughuli gani. Alisimama. Alisema yeye alikuja kusikiliza muziki, hakuja kuvunja nyumba ya watu, na akaanza kuukunja waya. Nuzhat alitamani kumbusu miguu. Chukua mashine yako uende, alimwombea moyoni, nenda, nenda upesi.

Mazhar akamwambia Bwana Mathur akae.

Kisha akamgeukia mkewe. Uso ulikuwa umemshuka tena, ule uso wa miezi yote hii.

"Nuzhat, nisiseme zilizobaki? Niambie neno moja tu, nanyanyuka hapa, tunakwenda zetu."

Tangu mambo haya yaanze hakuna aliyekuwa amemuuliza. Jahezi ni yake, ndoa ni yake, na wanaume wawili wanapeana na kurudishiana juu ya kichwa chake. Sasa ameulizwa, na neno analo, limemjaa mdomoni.

Akautazama mkono ambao Mazhar huuficha ndani ya mkono wa kanzu. Asubuhi moja alimkuta nao juu ya paa anaugongesha ukutani, hasemi kitu, anaugongesha tu, mpaka alipomkumbatia kwa nyuma ndipo akaacha. Nikikataa, alifikiri, nitarudi naye nyumbani, atakaa pembeni hivyo hivyo mpaka afe, na kila alfajiri kimya kile kitakuwa changu, nimekitaka mimi. Akafikiri tena: na ziende zote, mapigo na mababu na tabla zao, nibakizieni mume wangu. Alifikiri yote mawili, na wakati anafikiri hakusema kitu.

Siku ya ndoa yake pia alinyamaza. Mashahidi walikuja mpaka kwenye pazia wakamuuliza je amekubali, akanyamaza, wakatoka wakatangaza amekubali, kwa sababu kunyamaza kwa bibi harusi ni kukubali. Mazhar alingoja. Aliendelea kungoja. Mwishowe akakihesabu kimya kile kama walivyokihesabu mashahidi wale.

"Talaka ya pili," akasema. "Ya tatu."

Basi. Hapo hakuna kurejea tena, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, naye huyo amwache au afe. Sheikh hahitajiki kutueleza. Ustadh Shabban alimwambia Nuzhat ajifunike aingie ndani, uani kuna mwanamume mgeni.

Mgeni. Nuzhat alilisikia neno hilo akadhani ni mtu mwingine anayesemwa.

Mazhar alichukua viatu vyake akatoka nje ya pazia la gunia lililofunika mlango wa mbele. Hakwenda mbali. Alikaa pale pale kibarazani, maana mapigo yale yalikuwa maisha yake na alitaka kuyasikia hata mara moja tu. Kutoka jikoni, kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo, Nuzhat aliweza kuiona miguu yake chini ya gunia.

"Haya," mzee akasema. "Sasa ni yangu."

Bwana Mathur akabonyeza. Mikanda ikaanza kuzunguka.

Nawaambia ukweli, mwanzo ulikuwa wa ajabu. Mkono wa mzee ulishuka kwenye tabla na ua mzima ukanyamaza, hata yule mwenye mkokoteni aliyekuwa anadai ujira wake nje. Ulikuwa ni mlango, yaani mwanzo, wa lile pigo kubwa, lile alilokuwa Mazhar analiweka la mwisho kila alfajiri. Nuzhat alilijua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Machozi yakamtoka. Akasema sawa, nimepoteza mume lakini angalau hiki kimepatikana, angalau si bure. Aliegemea pipa la unga akafumba macho.

Akayafumbua.

Pigo lilikuwa limepinda. Halikukosea, mkono wa Ustadh haukosei, ila lilikuwa limeacha njia yake likaingia njia nyingine laini bila mtu kushtuka, na sasa mzee alikuwa anapiga pigo linalopigwa na kila mpiga tabla wa arusini hapo Lucknow, lile watu wanalolitunzia maua. Akalimaliza. Akaanza la pili: mlango wa nyumba, ndani sokoni. La tatu hata mlango haukuwa wenyewe.

Bwana Mathur alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, wah, wah, anapiga paja lake kwa raha. Yeye mapigo ya ndani hakuwahi kuyasikia, angejuaje.

Lakini chini ya gunia kidole gumba cha mguu wa Mazhar kilikuwa kinahesabu, kinapanda na kushuka, na Nuzhat alikiona kinasimama. Kikakaa kimesimama mpaka mwisho.

Kumbe mzee aliishika ahadi kupita kiasi. Miaka yote hiyo, mapigo yakimjia kichwani aliyafukuza. Alisoma dua, aliimba kingine, alijiwekea mengine juu yake, ili asije akayapiga hata kwa mawazo na kumwibia mkwe wake. Aliyafukuza vizuri mno. Sasa amefungua mlango ayaite na hayapo, na mbaya zaidi, hajui kama hayapo.

Alimaliza jasho linamtiririka, amefurahi kama kijana. Aliomba tambuu. Alimwambia Bwana Mathur kwamba hata akifa kesho hana deni na mababu zake, na akalitaja jina la baba yake aliyemfundisha, akagusa sikio lake kwa heshima. Nuzhat alikuwa hajamwona na furaha ile tangu mama yake azikwe.

Akiwa jikoni, Nuzhat alikata shauri. Hatamwambia. Mazhar naye hatasema, anamjua. Bwana Mathur atakwenda na mkanda wake akauweke rafu ya juu, na mzee atakufa akiamini. Ndoa yake imevunjika bure, haya, ila ubure huo ataubeba yeye na Mazhar, kila mmoja upande wake wa gunia. Hicho tu ndicho alichoweza kukiokoa siku hiyo na akakishika kwa mikono miwili.

"Bwana Mathur," mzee akasema, "nisikilizishe na mimi."

Nuzhat alisimama. Alisema kutoka jikoni kwamba baba amechoka, apumzike kwanza. Alisema chai inapoa. Alisema umeme utakatika sasa hivi, na kwa mara ya kwanza maishani aliuomba ukatike. Haukukatika.

Bwana Mathur alikuwa na visikilizio vipya vya kuvaa masikioni, vikubwa, shemeji yake alimletea kutoka ng'ambo, na alikuwa na hamu ya kuvionyesha. Sauti ndani yake ni safi, Ustadh, utasikia hata pumzi zako. Akaurudisha mkanda mwanzo, akamvisha mzee taratibu juu ya kofia, akabonyeza.

Uani hapakusikika kitu. Mikanda inazunguka, kijitaa cha kijani kinapepesa, na muziki wote umo ndani ya kichwa cha mzee peke yake. Nuzhat alitoka jikoni akasahau hata kujifunika. Alimtazama baba yake usoni tu.

Mzee alitabasamu. Kidole chake kilikuwa gotini kinafuata. Kinafuata, kinafuata.

Kikasimama.

Uso ulikunjamana kidogo, kama wa mtu aliyesikia jina lake linaitwa kwa mbali. Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza zaidi, kwa makini, kwa sikio lile lisilomwacha. Kisha akavivua visikilizio akaviweka juu ya zulia kwa adabu.

"Nani huyu anapiga?"

Bwana Mathur alicheka, akadhani ni utani wa wakubwa. Akasema ni wewe mwenyewe, Ustadh, nani mwingine. Mzee akatikisa kichwa. Alisema, bila ubaya, kwamba huyo mtu mkono anao, ila nyumbani kwao hakumaliza masomo. Ameanza vizuri halafu amekwenda zake barabarani. Bwana Mathur asipoteze mkanda kwa watu kama hao. Akamtafuta Nuzhat kwa macho, akampata.

"Mwite mume wako, mwanangu. Aje ampigie Bwana Mathur kama nilivyompa mimi."

Nuzhat alishika nguzo.

"Mume yupi, Baba?"

"Una waume wangapi wewe?" mzee akasema, akajichekea. "Mazhar. Mwambie mkwe wangu aje, namngoja."

Akazifuta tabla kwa kitambaa, akajisogeza kando ya zulia, akamwachia nafasi. Bwana Mathur alikuwa ameduwaa, mkono hewani juu ya mashine, anamtazama Nuzhat, na Nuzhat anatazama mlango. Huko nje ya gunia Mazhar alisimama. Kisha akakohoa, kama anavyokohoa mwanamume mgeni anayeomba ruhusa ya kuingia kwenye nyumba yenye wanawake.